Hotuba juu ya Profesa Lotfi Zadeh na Safari Yake ya Elimu Ughaibuni





Kamati iliyotayarisha sherehe hii iliomba yatolewe maelezo yatakayowafaa vijana wanaomaliza shule na wazazi wanaowalipia karo. Swali linaloulizwa sana majumbani ni hili: kijana aliyesoma Kurani chuoni na hesabu shuleni, akatamani kwenda ng'ambo kusomea elimu ya kompyuta, je, aachiwe aende? Mzee mmoja huogopa kwamba mtoto atapotea dini. Mwingine huogopa kwamba atapotea yeye mwenyewe, asirudi, na siku ya kuzikwa wazee wake asiwepo. Hofu hizi si za kijinga wala hazijibiwi kwa kicheko. Wako waliokwenda wakapotea kweli, na jamaa zao wamo ndani ya mkutano huu. Kwa hiyo leo haitatolewa fatwa. Zitasimuliwa habari za mtu mmoja aliyekwenda mbali, na za mwingine aliyezaliwa jirani yetu, ambaye ndiye aliyeifanyia kazi elimu ya yule wa kwanza. Kisha kila mzazi atapima mwenyewe.

Kwanza neno moja juu ya elimu yenyewe. Wako wanaodhani kwamba kompyuta ni jambo la Wazungu tangu shina hata tawi. Kila kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo yaliyopangwa hatua baada ya hatua, na mpango wa maagizo hayo huitwa algorithimu. Neno hilo ni jina la mtu lililopotoshwa na ndimi za Walatini: Muhammad bin Musa al-Khawarizmi, aliyekaa Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Maamun, na ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa elimu ya aljebra jina lake. Haya hayatajwi kwa kujisifu. Kujisifu kwa babu aliyekufa zaidi ya miaka elfu iliyopita hakumlipii mtoto karo. Yatajwa ili kijana asiingie katika darasa la elimu hiyo kwa unyonge, akijiona mgeni katika nyumba ambayo msingi wake ulichimbwa na watu waliosali kuelekea kibla alichosali yeye.

Sasa habari za Lotfi. Alizaliwa tarehe 4 Februari 1921 katika mji wa Baku, kando ya bahari ya Caspian, nchi ya Azerbaijan, wakati ilipokuwa imekwisha ingia mikononi mwa Wabolsheviki. Baba yake alikuwa Mwajemi wa kabila la Waazeri, asili yake mji wa Ardabil, na kazi yake uandishi wa magazeti. Mama yake alikuwa daktari wa watoto, Myahudi wa kutoka Odessa. Hayo yasifichwe, maana ni kweli, na mtu hujulikana kwa ukweli wake. Yafaa pia wazazi wenye mabinti watazame hapo kidogo: zaidi ya miaka mia iliyopita mama huyu alikuwa amesoma hata akawa tabibu, na mwanawe alikulia katika nyumba yenye vitabu. Nyumba yenye vitabu haijengwi na baba peke yake.

Mtoto alisoma Baku darasa za mwanzo, katika shule za serikali iliyokuwa ikipiga vita dini zote. Mwaka 1931, alipokuwa na umri wa miaka 10, wazazi wake walihamia Teheran. Hapo akatiwa katika shule ya Alborz, iliyokuwa ya wamisheni wa Kimarekani wa madhehebu ya Presbiteri, akasoma muda wa miaka minane.

Bila shaka wazee wengi wamejikunja waliposikia neno wamisheni, na wana haki. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, zama za ukoloni, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, na palikuwa na mahali ambapo mtoto wa Kiislamu hakuandikwa darasani mpaka abadilishe jina. Wazee wakachagua, wakawaweka watoto wao chuoni, wakailinda dini. Waliilinda kweli, wajukuu wao wanasali leo kwa sababu hiyo, na asiwepo mtu wa kuwalaumu makaburini mwao. Lakini bei waliyoilipa ilikuwa kubwa. Uhuru ulipokuja, mahali pengi katika nchi hizi, makarani, waganga na mahakimu walitoka katika watoto wa wengine, na watoto wa Waislamu walikuwa wachuuzi, madereva, washonaji na wachinjaji. Kazi hizo ni za halali na zenye heshima. Ila haikufaa ziwe ndizo peke yake. Siku hizi shule ziko za namna nyingi, wala hapana sababu ya kuilipa bei ile mara ya pili.

Lotfi hakubadilisha jina lake la kwanza, ambalo kwa asili ni la Kiarabu, lenye maana ya upole. La ukoo ndilo alilolipunguza baadaye alipofika Marekani. Lilikuwa Aliasgarzadeh, yaani mzaliwa wa Ali Asghar. Akalikata likawa Zadeh, na kipande cha Asker kikabaki katikati. Kwa Kiajemi neno hilo zadeh maana yake ni mzaliwa tu. Ndilo jina alilojulikana nalo duniani, na kila ajuaye Kiajemi akilisikia hungoja kuambiwa mzaliwa wa nani.

Katika mtihani wa nchi nzima wa kuingia chuo kikuu alitoka miongoni mwa watatu wa mwanzo, akaingia Chuo Kikuu cha Teheran kusomea uinjinia wa umeme. Ilikuwa ni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 majeshi ya Waingereza na Warusi yaliingia Iran, kisha Wamarekani wakafuata, na masomo yakavurugika. Alipomaliza mwaka 1942, waliofaulu pamoja naye katika fani hiyo mwaka ule walikuwa watu watatu tu. Baba yake alikuwa akifanya biashara ya kuwauzia Wamarekani vifaa vya ujenzi, na kijana akafanya kazi hiyo pamoja naye. Angeweza kubaki hapo, maana fedha ilikuwako. Akaona ni heri aondoke. Alipita Misri, akangoja Kairo miezi mingi, na katikati ya mwaka 1944 akashuka Philadelphia. Mwezi wa Septemba alianza masomo katika chuo cha MIT, huko Massachusetts.

Safari ya masomo iliyofuata yaweza kusemwa kwa maneno machache, kwa kuwa ilikwenda sawa. Mwaka 1946 alipata shahada ya pili. Wazazi wake nao wakahamia New York, naye kwa ajili ya kuwa karibu nao akaingia Chuo Kikuu cha Columbia katika mji huo huo, akapata udaktari wa elimu mwaka 1949. Jambo hili la wazazi lisipitwe. Wako vijana wanaodhani kwamba kwenda mbali kielimu ni kuwatupa wazee nyuma, na huyu alikichagua chuo kwa kuangalia wazee wake wanakaa wapi. Mwaka 1950, wakati kompyuta zilizokuwapo duniani zilihesabika kwa vidole na kila moja ilijaza chumba, aliandika makala juu ya mashine zenye kufikiri. Mwaka 1959 akahamia Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Berkeley, na kuanzia mwaka 1963 hata 1968 alikuwa mkuu wa idara ya uinjinia wa umeme. Ni katika miaka ya ukuu wake ambapo idara hiyo iliingiza jina la elimu ya kompyuta katika jina lake, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida.

Basi lile jambo lililompa sifa ni lipi? Inasimuliwa kwamba mwezi wa Julai 1964 alikuwa New York katika nyumba ya wazazi wake. Wazazi hawakuwapo, na karamu ya jioni aliyoalikwa ikavunjika. Akabaki peke yake akifikiri, na usiku ule ikamjia fikra ambayo aliichapisha mwaka 1965.

Fikra yenyewe ni hii. Mantiki ya kale, na kompyuta zilizojengwa juu yake, hazijui ila mawili: ndiyo au siyo, 1 au 0. Lakini binadamu hazungumzi hivyo. Mtu husema fulani ni mrefu. Mrefu ni wa futi ngapi? Ukisema mrefu ni mwenye futi 6, basi aliyepungukiwa nusu inchi amekuwa mfupi, na kila mwenye macho atakucheka. Zadeh alisema tusilazimishe mpaka pasipo na mpaka. Kila mtu apewe daraja yake ya urefu, baina ya 0 na 1: huyu ni mrefu kwa 0.9, yule kwa 0.6, mtoto mchanga kwa 0. Kisha akaonyesha kwa hesabu kamili namna ya kuunganisha madaraja hayo, kuyatenga na kuyatolea hukumu. Elimu hiyo akaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kitu chenye ukungu, kisicho na ukingo dhahiri. Wengine huiandika mantiki ya fazi. Kwa watu wa chuoni liko jina lililo bora zaidi, nalo ni mantiki ya takriba.

Jina hilo halikutungwa leo. Kila aliyesoma fiqhi ya Imamu Shafii amepita katika mlango wa maji. Maji yakifika kula mbili huitwa mengi, wala hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, utamu au harufu. Na kula mbili ni kiasi cha ratili 500 za Baghdad. Je, ikipungua ratili moja? Wanazuoni walijadiliana: kipimo hiki ni cha kikomo kikali, au ni cha takriba? Na kauli iliyopewa nguvu katika madhehebu ni kwamba ni cha takriba. Upungufu wa ratili moja au mbili haudhuru. Watoto walio chini ya mwembe wamelisoma jambo hilo mbele ya mwalimu wao kwa karne nyingi. Tazama pia hukumu za vitendo. Mafakihi hawakugawa vitendo kwa mawili. Waliweka faradhi, na sunna, na mubaha, na makuruhi, na haramu. Na wanazuoni wa Hadithi hawakusema hii ya kweli na hii ya uongo wakanyamaza; walipanga sahihi, na hasani, na dhaifu, na ndani ya kila tabaka mna matabaka.

Haisemwi hapa kwamba Zadeh aliyachukua hayo kwa mafakihi. Hakuyachukua, alitoka katika hesabu za umeme. Linalosemwa ni kwamba mtoto aliyefunzwa fiqhi vizuri amekwisha zoezwa kufikiri kwa madaraja, na akili hiyo ni mali, si mzigo. Basi mzazi asikubali kuambiwa kwamba saa alizokaa mtoto chuoni zimempotezea wakati wa hesabu.

Na hapa lazima mlango mmoja ufungwe upesi, maana Shetani naye husikiliza hotuba. Asije mtu kesho sokoni akasema kwamba, maadamu mambo yana madaraja, riba kidogo ni haramu kidogo. Palipowekwa mpaka na Sheria, mpaka upo. Mantiki ya takriba ni ya pale ambapo mpaka haukuwekwa: joto, mwendo, urefu, ukubwa wa mvua. Tena hata hii si sawa na kubahatisha. Kusema huenda mvua ikanyesha ni jambo moja. Kusema hii inayonyesha ni kubwa au ndogo ni jambo jingine, nalo ndilo alilolishughulikia.

Wenzake hawakumpokea vyema. Wengi huko Marekani waliona ni aibu kwa mwinjinia kusifia kitu kisicho dhahiri, na jina lenyewe likawaudhi. Mwaka 1972, katika mkutano wa wataalamu, alisimama Rudolf Kalman, bingwa mashuhuri ambaye alisoma Columbia wakati Zadeh alipokuwa akifundisha huko, akaikosoa fikra hiyo hadharani kwa maneno makali. Miaka michache baadaye mwalimu mwenzake wa Berkeley kabisa, William Kahan, aliikataa kwa maneno makali zaidi. Yafaa izingatiwe hali yake: mgeni katika nchi ya watu, mwenye jina lisilotamkika kwa urahisi, aliyekwisha pata cheo na heshima kwa elimu nyingine ambayo hakuna aliyeibisha. Angeliweza kuiacha fikra hii akaendelea kula mshahara wake kwa salama. Hakuiacha, wala hakulibadilisha jina ili apendwe. Wanaomfahamu husema kwamba aliwajibu wapinzani wake kwa upole, akiwakaribisha waseme, na akizidi kuandika. Kwa muda wa miaka kumi hivi fikra ile ilikuwa ni karatasi tu. Hapakuwa na mashine hata moja iliyokwenda kwa ajili yake.

Ndipo alipotokea mtu wa upande wetu.

Ebrahim Mamdani alizaliwa mwezi wa Juni 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikwenda India kusoma, na mwaka 1966 akafika Uingereza, akapata udaktari wa elimu katika Queen Mary College, Chuo Kikuu cha London, akawa mwalimu pale pale. Katika maabara yao palikuwa na injini ndogo ya mvuke na birika lake la kuchemshia. Kazi aliyompa mwanafunzi wake, Sedrak Assilian, ilikuwa ni kuifundisha kompyuta iendeshe injini hiyo, ilinde kani ya mvuke katika birika na mwendo wa gurudumu.

Kazi hiyo yaonekana ndogo kwa asiyeijua. Injini ya mvuke ni kaidi. Ukiongeza moto, mvuke hauji papo hapo. Ukiupunguza, hautulii papo hapo. Na tabia ya birika la asubuhi si tabia ya birika lililokwisha kazi kutwa nzima. Mtambo wa kawaida wa hesabu ukipimwa ukakaa sawa leo, kesho ulihitaji kurekebishwa na mkono wa mtu. Nao walijaribu njia nyingine kwanza, wasifanikiwe. Kisha Mamdani akasoma makala aliyoiandika Zadeh mwaka 1973, iliyoeleza jinsi maneno ya kawaida, kama vile kidogo, sana na wastani, yawezavyo kuwa ni vipimo vya hesabu.

Wakaacha kuuliza milinganyo ya injini, wakauliza: fundi stadi mwenye kuiendesha kwa mkono hufanyaje? Wakaandika maagizo kwa maneno. Mfano wake ni kama hivi: ikiwa kani ya mvuke iko chini sana ya inavyotakiwa, na haionyeshi kupanda, ongeza moto sana, ikiwa iko chini kidogo tu, na inapanda polepole, ongeza moto kidogo, ikiwa imefika, usiguse. Maagizo machache ya namna hiyo kwa moto, na machache kwa valvu ya mvuke. Kompyuta ikapima kila mara, agizo hili linahusika kwa daraja gani na lile kwa daraja gani, ikachanganya, ikatoa hukumu moja. Injini ikatulia. Ilitulia vizuri kuliko ilivyokuwa chini ya mtambo wa hesabu walioulinganisha nayo. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1974 na 1975.

Akina mama waliopika pilau ya leo hawana haja ya maelezo zaidi. Mpishi wa sufuria la walima hana kipimajoto. Hutazama, hunusa, husikiliza maji yanavyokaukia chini, kisha humwambia msaidizi wake: punguza kuni kidogo, palia makaa juu. Neno hilo kidogo ni elimu. Miaka mingi walionena hivyo walihesabiwa kuwa hawakusoma, ilhali wataalamu wa London walipokwama walikwenda kuomba msaada kwa neno kama lao.

Baada ya injini ile mambo yalifunguka. Kuelekea mwaka 1980 tanuri za saruji huko Denmark zilianza kuendeshwa kwa njia hiyo. Mwaka 1987, katika mji wa Sendai huko Ujapani, ilifunguliwa reli ya chini ya ardhi ambayo treni zake, zilizotengenezewa mtambo na kampuni ya Hitachi, ziliondoka na kusimama taratibu kwa mantiki ya takriba. Kisha Wajapani wakaitia katika mashine za kufulia nguo, kamera, na hata masufuria ya umeme ya kupikia wali, na hilo la mwisho halitamshangaza mpishi aliyetajwa. Mwaka 1989 Ujapani ilimpa Zadeh tunu kubwa ya Honda. Waliomkataa nchini alikokaa walianza kuisoma habari yake ikitoka ng'ambo.

Insafu yataka iongezwe kwamba haikuwa dawa ya kila kitu. Mashine za akili bandia zinazovuma siku hizi zimejengwa zaidi kwa njia nyingine, na wako wataalamu wanaosema hata leo kwamba mantiki hii ilisifiwa kupita kadiri. Lakini katika vitabu vinavyofundisha elimu ya kuendesha mitambo, njia ile iliyotumiwa kwa injini ya mvuke huitwa njia ya Mamdani. Mwanafunzi wa Brazil, wa Uchina au wa Uturuki hulitaja jina hilo katika mtihani wake, pengine bila kujua kwamba ni la mtu aliyezaliwa katika nchi jirani yetu.

Sasa lirudiwe swali la wazee, maana halijajibiwa kwa sifa hizi. Je, walipotea? Zadeh hakurudi kukaa Iran wala Baku. Aliishi Marekani zaidi ya miaka 70. Mamdani alifanya kazi yake Uingereza, na tangu mwaka 1995 alikuwa profesa katika Imperial College, London. Nchi walizozaliwa hazikupata mikono yao. Hasara hiyo ni ya kweli, na anayewashawishi vijana waondoke bila kuitaja hawatendei haki wazazi. Ama ibada za watu hawa ni baina yao na Mola wao, na ulimi wa Mwislamu hauingii humo.

Lakini yatazamwe na mengine. Kijana huondoka kwa sababu mbili: kwa kuvutwa na kwa kusukumwa. Kuvutwa hatuwezi kukuzuia. Kusukumwa ni kazi ya mikono yetu. Kijana aliyesoma kwa taabu, akachangiwa na mjomba na jirani, akaandikiwa barua, akakumbukwa siku ya Idi, huyo akifika mbali ana mahali pa kurudia, ingawa kwa ziara. Aliyeondoka kwa kuuza shamba la mama yake peke yake, huku jamaa wakicheka kwamba anajitia Uzungu, huyo hakudai kitu na hatadaiwa. Jumuiya hii imechangia harusi nyingi katika miaka yake, tena kwa ukarimu. Sufuria na mahema yake yajulikana mji mzima. Daftari la michango likifunguliwa, karo zimeandikwa ukurasa gani? Mweka hazina yupo hapa, na swali hili lastahili kuwekwa mbele ya mkutano mkuu ujao kabla ya shauri la kununua mahema mapya.

Tena elimu hii ina sifa moja ambayo uinjinia wa injini na madaraja hauna. Haihitaji kiwanda. Kijana mwenye hesabu nzuri, kompyuta moja na umeme usiokatika sana aweza kufanya kazi ya watu wa mbali akiwa amekaa hapa hapa, akasali Ijumaa pamoja na baba yake. Zama za Zadeh hapakuwa na njia hiyo; mwenye kutaka kuiona kompyuta ilimbidi avuke bahari. Leo kuvuka kwaweza kuwa ni kwa miaka ya masomo tu, na pengine hata hiyo isiwe lazima. Linalokosekana zaidi mjini hapa ni mwalimu wa hesabu wa kidato cha juu anayekaa kazini, na hilo halitaki ruhusa ya balozi yeyote.

Mamdani alifariki dunia tarehe 22 Januari 2010. Zadeh alifariki tarehe 6 Septemba 2017 mjini Berkeley, mwenye umri wa miaka 96, akiwa angali anaandika katika miaka yake ya mwisho. Maiti yake haikuzikwa Marekani. Ilisafirishwa, ikazikwa Baku, katika makaburi wanamozikwa watu wakubwa wa Azerbaijan, miaka 86 tangu alipoondoka katika mji huo mtoto wa miaka 10.

Vijana wa kiume na wa kike wenye kutaka kujua masomo gani ya hesabu yahitajiwa kwa elimu hii, walimu wawili wa shule ya sekondari watakuwa barazani baada ya sala ya Alasiri. Waje na wazazi wao.